Lori Lipite, Dereva Asubiri: Neno "Muhimu" katika Mpaka wa Busia na Tororo

Jioni moja ya mwezi Mei 2020 mjomba wangu, dereva wa malori ya masafa marefu, aliliacha lori lake katika foleni ya Korinda, akatembea kwa miguu hadi kwetu mjini Busia. Hiyo ilikuwa siku yake ya nne kwenye foleni. Mama, ambaye ni dada yake wa tumbo moja, alimpakulia ugali na omena lakini hakumfungulia lango. Aliiweka sahani juu ya jiwe nje ya lango, akarudi nyuma hatua kadhaa, kisha akasema, "Karibu chakula, ndugu yangu." Mjomba alikula akiwa amechutama. Alipomaliza aliiacha sahani palepale, nami nikatumwa kuimwagia maji ya moto kabla ya kuigusa.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nikiandika kazi ya darasa. Chuo kilikuwa kimefungwa na mihadhara ilitolewa kwa mtandao. Mhadhiri wetu alituagiza tuandike kurasa tatu kuhusu mashujaa wa wakati wa janga. Niliandika kuhusu madaktari na wauguzi, nikapata alama nzuri. Sikumtaja dereva hata mmoja, ingawa foleni ya malori ilikuwa mwendo wa nusu saa tu kutoka kitandani nilipokuwa nimeketi na simu yangu.

Insha hii ni jaribio la kulipa deni hilo. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Swali ninalolijadili ni hili: wakati wa korona serikali zetu ziliwagawa watu katika makundi mawili, wale walioambiwa wabaki nyumbani na wale walioambiwa kazi yao ni muhimu, hivyo waendelee. Je, kuitwa muhimu ni sawa na kutambuliwa? Hoja yangu ni kwamba, katika historia ya eneo hili, neno hilo limetumika zaidi kuwafanya watu waendelee na kazi kuliko kuwapa heshima kwa sababu ya kazi hiyo. Mpaka wa Busia na Tororo unalionyesha jambo hili waziwazi.

Neno "muhimu" lilikotoka

Wengi wetu tulilisikia neno "huduma muhimu" kwa mara ya kwanza Machi 2020. Tarehe 15 mwezi huo, siku mbili baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wake wa kwanza, Rais Uhuru Kenyatta alizihimiza ofisi na kampuni ziwaruhusu wafanyakazi kufanyia kazi nyumbani, isipokuwa wale wa huduma muhimu. Lakini jambo lenyewe ni la zamani zaidi.

Katika Vita Kuu vya Kwanza, kati ya 1914 na 1918, Waingereza waliandikisha wapagazi kwa mamia ya maelfu kubeba chakula na risasi za jeshi lao Afrika Mashariki. Maeneo ya magharibi mwa Kenya ya leo, yaliyokuwa na watu wengi, yalitoa sehemu kubwa ya wapagazi hao. Bila wao jeshi lisingesonga hata kilomita kumi, kwa kuwa katika sehemu nyingi hapakuwa na barabara, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa wa malale. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Kumbukumbu yao imebaki katika majina ya mitaa, Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, na katika sanamu iliyoko Nairobi ambapo mpagazi amesimama pamoja na askari. Ni kumbukumbu njema, ila haikulipa mshahara wa mtu.

Katika Vita vya Pili neno lenyewe liliingia katika sheria. Mwaka 1942 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitoa kanuni za kuwaandikisha vibarua wa Kiafrika kwa lazima kwa ajili ya "shughuli muhimu". Mashamba ya walowezi, yakiwemo ya mkonge, yalihesabiwa kuwa shughuli muhimu za vita. Kwa hiyo mtu aliweza kutolewa kijijini kwake na kupelekwa kulima shamba la mtu binafsi, na anayetoroka akashtakiwa. Tuzingatie jinsi sentensi hiyo ya kisheria ilivyojengwa. Kilichokuwa muhimu ni shughuli. Mtu alikuwa chombo cha kuifanikisha.

Baada ya migomo mikubwa ya Mombasa, hasa ule wa Januari 1947, neno hilo lilichukua kazi ya pili, yaani kuzuia migomo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na sheria ya kupeleka migogoro ya huduma muhimu kwa wasuluhishi badala ya kuwaachia wafanyakazi wagome. Urithi huo haukuisha na uhuru. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 81, inakataza mgomo katika huduma muhimu. Sikatai kwamba kuna busara ndani yake. Mgonjwa aliye katika chumba cha upasuaji hawezi kungoja mazungumzo ya mishahara yamalizike. Hata hivyo, mwanafunzi wa historia hana budi kuona kwamba katika sheria zetu kuitwa muhimu kumemaanisha kwanza kunyimwa ruhusa ya kuacha kazi. Shukrani haikuandikwa popote.

Mpaka na watu wanaouendesha

Mpaka wetu ulitokana na kalamu. Hadi 1902 eneo hili lilikuwa sehemu ya Himaya ya Uganda. Mwaka huo jimbo la mashariki la Uganda lilihamishiwa upande unaoitwa Kenya leo, na jamii kama Wasamia na Wateso zikajikuta zina ndugu pande zote mbili. Malaba ni mfano mzuri: upande mmoja wa Mto Malaba ni Kaunti ya Busia nchini Kenya, na upande wa pili ni Wilaya ya Tororo nchini Uganda. Mtu anaweza kuzaliwa huku, akaoa kule, na akazikwa huku.

Uganda haina bahari. Reli iliyopita Nakuru na Eldoret ilifika Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Tangu hapo njia ya Mombasa kwenda Uganda imekuwa kama umio: chakula kikikwama hapo, mwili mzima unahisi. Reli ilipodhoofika, malori yakashika nafasi yake. Vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 zilipoifunga njia hiyo kwa wiki kadhaa, Uganda ilikosa mafuta.

Busia ina jambo jingine la kujivunia. Hapa ndipo ilipozaliwa bodaboda. Kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na kipande cha ardhi kisichopitiwa na magari ya abiria. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli walianza kubeba watu na mizigo kati ya vituo hivyo, wakiita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka wakilirudia mara mbili. Leo neno hilo linatumika Afrika Mashariki nzima. Vijana hao hawakuwa na leseni maalumu wala bima. Waliliona pengo, wakaliziba kwa miguu yao.

Februari 2018 Rais Yoweri Museveni na Rais Uhuru Kenyatta walizindua rasmi Kituo cha Pamoja cha Mpakani cha Busia. Lengo lilikuwa kwamba lori lisisimame mara mbili, upande huu na upande ule, bali likaguliwe mara moja na maafisa wa nchi zote mbili wakiwa chini ya paa moja. Muda wa kuvuka ulipungua. Wafanyabiashara, mawakala wa forodha na madereva walifurahi. Miaka miwili baadaye korona ikaingia.

Mwaka 2020: mzigo na mbebaji

Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka yake kwa watu, lakini iliruhusu mizigo. Usafiri wa umma ulisimamishwa, na bodaboda wakaruhusiwa kubeba mizigo pekee bila abiria. Kenya iliweka kafyu kuanzia tarehe 27 Machi. Mwezi Mei ilifunga mipaka yake na Tanzania na Somalia, tena isipokuwa kwa mizigo, na madereva wakatakiwa kupimwa.

Katika matangazo haya yote kuna mpangilio uleule wa 1942: mzigo ndio muhimu. Lakini mzigo hauna miguu. Kila tani ya ngano iliyoruhusiwa kuvuka Malaba iliendeshwa na mtu mwenye mapafu, na mtu huyo hakuwa na nafasi iliyopangwa kwa ajili yake. Mwanzoni Uganda ilichukua sampuli mpakani na kumwacha dereva aendelee na safari. Sampuli zilipelekwa Entebbe, kwenye taasisi ya utafiti wa virusi. Matokeo yalipotoka, dereva aliyeambukizwa alikuwa tayari amelala miji miwili au mitatu, na polisi wakaanza kumsaka. Baadaye ikaamuliwa kwamba hakuna kuvuka kabla ya majibu. Hapo foleni za Malaba na Busia zikafikia makumi ya kilomita.

Mjomba alinieleza maisha ya foleni hiyo. Huwezi kuliacha lori kwa muda mrefu kwa sababu mafuta hufyonzwa na maturubai hukatwa. Choo hakuna. Maji unanunua kwa watoto wenye madumu. Nyumba za wageni zilizokuwa zikimpokea kwa miaka mingi zilimfungia milango. Watoto wa kando ya barabara, aliozoea kuwarushia peremende, sasa walikimbia wakipiga kelele, "Korona! Korona!" Alicheka aliponisimulia hilo, lakini alilisimulia mara mbili.

Hofu ya wananchi haikuwa ya bure, na si haki kuipuuza. Mwezi Aprili na Mei wagonjwa wengi waliotangazwa Uganda walikuwa madereva wa malori. Lakini takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa makini. Madereva ndio waliopimwa kwa wingi, wote kwa zamu, kila walipofika mpakani. Mahali unapopima ndipo unapopata wagonjwa. Mtu aliyebaki nyumbani Kampala au Nairobi bila kupimwa hakuingia katika hesabu yoyote. Hivyo dereva alionekana kuwa chanzo cha ugonjwa kwa sababu alikuwa wa kwanza kumulikwa na taa. Mwezi Mei Uganda iliamua hata kuwaondoa madereva wa kigeni katika hesabu ya wagonjwa wake, na waliokutwa na virusi wakarudishwa kwao. Mtu aliyeleta unga hakuhesabiwa hata alipougua.

Wazee wa hapa wanakumbuka kwamba hii haikuwa mara ya kwanza. Katika miaka ya 1980 na 1990, UKIMWI ulipoenea kwenye barabara kuu ya Mombasa hadi Uganda, madereva walinyooshewa vidole vilevile. Waliitwa wasambazaji kabla ya kuulizwa wanalala wapi, wanangoja siku ngapi mpakani, na nani aliyeyapanga maisha hayo ya kungoja.

Tusiwasahau wengine. Wanawake wanaovusha nyanya, mayai na mitumba kati ya Busia hizi mbili hawakuwa na lori, basi hawakuhesabiwa kuwa mizigo wala huduma. Kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikuwa zimewarahisishia biashara ndogo yenye thamani isiyozidi dola 2,000, lakini urahisi huo ulitegemea mtu kuvuka kwa miguu yake. Kuvuka kulipokatazwa, baadhi yao walitumia njia za panya na kuwa wavunja sheria kwa kuuza vitunguu vilevile walivyouza mwezi uliotangulia. Mama yangu aliuza mitumba hadi Machi 2020. Mwezi wa Juni tulikuwa tukila akiba ya mbegu.

Waliobaki nyumbani

Ingekuwa rahisi kumalizia hapa kwa kuwalaumu waliofanya kazi wakiwa nyumbani. Sitaki kufanya hivyo, kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Nyumbani nako kulikuwa na machungu. Walimu wengi wa shule za binafsi walikaa miezi bila mshahara. Nchini Uganda shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, na kuna watoto wa Tororo ambao hawakurudi darasani tena. Mhadhiri wangu alifundisha huku mtoto wake akilia nyuma ya kompyuta, nami nilipanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao.

Tofauti yetu na mjomba, hata hivyo, ilikuwa ya aina mbili. Kwanza, sisi tulilindwa na umbali wetu, naye alipigwa vita kwa sababu ya ukaribu wake. Pili, umbali wetu ulitegemea kazi yake. Dizeli ya jenereta iliyoendesha mnara wa simu, mafuta ya kukaangia na sabuni tuliyonawia kila saa vilipita mikononi mwa watu waliokuwa foleni. Kubaki nyumbani kuliwezekana kwa sababu kuna mtu ambaye hakubaki.

Hata kundi lililosifiwa zaidi, wahudumu wa afya, liligundua kwamba sifa haijazi sufuria. Desemba 2020 wauguzi, maafisa tabibu na madaktari wa Kenya waligoma wakidai vifaa vya kujikinga, bima na malipo. Waliitwa mashujaa mwezi Aprili, na kufikia Desemba wakalaumiwa kwa kuwaacha wagonjwa. Shukrani ya punda ni mateke, tunasema, lakini hapa aliyebeba mzigo ndiye aliyepigwa.

Januari 2022

Historia haikuishia katika malalamiko. Mwanzoni mwa 2022 Uganda ilitaka kila dereva anayeingia apimwe upya mpakani kwa ada ya dola 30, hata kama alikuwa na cheti cha Kenya. Madereva walikataa. Walizima injini Malaba na Busia, foleni zikarefuka tena kwa makumi ya kilomita, na kwa siku chache Uganda ikaanza kukosa mafuta. Sehemu nyingine lita moja ya petroli ilipita shilingi 10,000 za Uganda, karibu maradufu ya bei ya kawaida. Serikali ya Uganda iliiondoa ada hiyo kabla mwezi haujaisha.

Naliona tukio hili kuwa muhimu kwa wanahistoria kwa sababu lilipindua maana ya neno tunalolijadili. Miaka miwili madereva walikuwa wameambiwa kazi yao haiwezi kusimama. Waliposimama, ikathibitika kwamba ni kweli. Yale ambayo barua za vyama na maombi ya adabu hayakuyapata yalipatikana kwa kuzima injini. Lakini ushindi huo ulikuwa na gharama, na haukulipiwa na serikali. Katika siku hizo nauli zilipanda na wagonjwa wa vijijini walishindwa kufika hospitali. Hivyo ndivyo ilivyo jamii inapongoja kazi isimame ndipo iitambue.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kutoka kwa wapagazi wa 1914, kupitia vibarua wa 1942, hadi madereva wa 2020, mamlaka zimekuwa zikitangaza umuhimu wa kazi bila kutangaza haki za mfanyakazi. Aliyefanya kazi nyumbani alipewa ulinzi bila kuombwa. Aliyefanya kazi nje alipewa jina. Kutambua kwa kweli kungepaswa kuanza na mambo madogo: vyoo na maji kando ya barabara za mpakani, mahali salama pa kuegesha malori, vyeti vya afya vinavyokubalika pande zote mbili, bima inayomfuata dereva anapovuka, na ruhusa ya kisheria kwa wachuuzi wa miguu hata mipaka inapofungwa. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji ugonjwa mwingine uje kwanza.

Nilipomaliza rasimu ya kwanza ya insha hii nilimsomea mjomba kwa simu akiwa Tororo, ambako lori lake lilikuwa likipakia saruji. Alisikiliza hadi mwisho, hata sehemu ya sanamu ya Nairobi.

"Mpwa wangu," akasema, "mimi sihitaji sanamu. Waambie wajenge choo."

Nikamuuliza kama anaikumbuka ile sahani juu ya jiwe. Alikaa kimya kidogo. Akasema anaikumbuka, na kwamba mama alifanya sawa kwa kuwa nyumbani mlikuwa na bibi mgonjwa. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelijua: usiku ule alikuja kwetu si kwa ajili ya chakula, bali kwa sababu alikuwa hajazungumza na mtu yeyote kwa siku nne. Nimeliandika hapa ili liwemo mahali fulani katika kumbukumbu za mwaka ule, pamoja na takwimu za mizigo.